Kichwa Kinawasha Chini ya Rasta

REHEMA: Haya jamani karibuni, leo salamu fupi maana hii wiki nimeteseka. Zile rasta zangu nilizowaringia kipindi kilichopita nimeshazifumua. Zilikuwa bado nzuri kabisa ila kichwa kinawasha usiku silali, sasa nafumua naona kila shina la rasta kuna magamba ya njano yamegandia, ukishika yana mafuta mafuta, af nywele zilizotoka ni za kujaza kiganja. Nikampigia picha Baraka saa nane usiku.

BARAKA: Na nikakujibu usitupe, usilie, tutaongea kwenye kipindi.

REHEMA: Haya ongea.

BARAKA: Hizo za kiganjani nyingi si za kuogopa, dada. Mtu wa kawaida anadondosha kama nywele 50 hadi 100 kwa siku. We umekaa na rasta wiki kibao, zilizong'oka zote zimebanwa mle mle, hazina pa kudondokea, siku ya kufumua ndo zinatoka pamoja mtu anadhani kapata upara kwa usiku mmoja.

REHEMA: Sawa, hapo nimepumua. Na hizi za hapa pembeni juu ya sikio? Hizi hazikutoka siku ya kufumua, hazipo tu.

BARAKA: Hizo ndo za kuogopa, hizo zimevutwa. Ukitoka kusukwa umeona vipele kwenye mstari wa mbele, unalala kifudifudi kwa maumivu, ujue shina linavutwa. Ukilegeza mapema zinaota tena, ukiendelea miaka ngozi inaweka kovu na pale basi, haioti kitu.

REHEMA: Na ukimwambia msusi unaumia anakujibu ukitaka uzuri sharti udhurike, anaongeza kukaza.

BARAKA: Mwambie afumue hiyo hiyo moja aanze upya, hela ni yako.

REHEMA: Subiri kwanza, kabla hatujaenda kwenye mambo yetu matano ya kipindi cha leo, maana nimeyaandika hapa vizuri kabisa. Mi nilikuwa najikuna na biro. Kwenye daladala, nimekaa siti ya dirishani, biro inapita kati ya rasta na rasta, kuna dada kaniangalia anatabasamu, na yeye anajipigapiga utosi kwa kiganja! Tukacheka bila kusemeshana. Nikaweka swali kwenye grupu letu la WhatsApp, nyie mnajikunia nini? Baraka, simu iliwaka moto.

BARAKA: Mke wangu anatumia sindano ya kufumia sweta.

REHEMA: Mkia wa chanuo ndo umeongoza. Halafu kijiti cha mshikaki!

BARAKA: Kijiti cha mshikaki kina ncha jamani.

REHEMA: Mwingine mpini wa mswaki, mwingine ufunguo wa kabati, na kuna mama wa Mwanza katuma voisi anasema yeye ana kijiko cha chai kidogo kinakaa kwenye mkoba, hakuna mtu wa nyumbani kwake anaruhusiwa kukikorogea chai.

BARAKA: Huyo mama nampa namba moja. Kijiko hakina ncha.

REHEMA: Namba moja ni mkia wa chanuo, watu wamepiga kura.

BARAKA: Mkia wa chanuo unachana ngozi! Ndo nilipotaka kufika. Kile kinachowasha ni fangasi, wanaitwa Malassezia, kila mtu anao kichwani hata mtoto mchanga, wanakula mafuta ya ngozi. Wakizidi, wanachobakiza kinaichoma ngozi, ngozi inabanduka kwa haraka, ndo mba, na ikiwa kali inakuja na mafuta na wekundu, inashuka mpaka kwenye nyusi, pembeni ya pua, nyuma ya masikio, sisi wanaume kwenye ndevu. Sasa we unakwangua na kijiti, unatoboa, bakteria wanaingia, unapata na vidonda. Mba wenyewe hauleti upara wa kudumu, ila kukuna kunakata nywele na kuchubua ngozi.

REHEMA: Sasa hapo ndo unielewe, mi nikishakuna naweka mafuta ya nazi. Ile chupa yenye mdomo mrefu, unapitisha njia kwa njia, kichwa kinapoa.

BARAKA: Usiweke.

REHEMA: Kwa nini nisiweke?

BARAKA: Hao fangasi hawawezi kujitengenezea mafuta wenyewe, wanategemea ya kwako. We unawaletea chakula mpaka mlangoni af unashangaa hawahami.

REHEMA: Baraka, bibi yangu Pangani katupaka mafuta ya nazi wajukuu wote, yeye mwenyewe mpaka uzeeni anasuka mabutu manene. Na mi nimesoma, karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na kwenye maabara hiyo asidi inazuia fangasi. Na yanaingia ndani ya unywele yanapunguza protini kupotea ukiosha. Hiyo siyo hadithi ya bibi.

BARAKA: Kwenye unywele nakubali, paka usiku kabla ya kuosha, mimi nasema ngozi. Maabara na kichwa chenye rasta kwenye joto la Dar ni vitu viwili.

REHEMA: Nywele zetu zimejikunja, mafuta ya ngozi hayashuki kwenda kwenye ncha, ndo maana kichwa kina mafuta na nywele kavu kama ufagio, sasa ukininyima mafuta nywele zitakatika na hapo utaniambia nini?

BARAKA: Nitakuambia paka kwenye nywele. Ngozi iache.

REHEMA: Nikisuka nitapakaje nywele bila kugusa ngozi?

BARAKA: Basi pumzika kusuka mpaka ipone.

REHEMA: Na kazini niende na nini? Sipumziki na mafuta siachi.

BARAKA: Na mimi sibadilishi, mwenye mba wa mafuta asipake mafuta kwenye ngozi.

REHEMA: Haya tumekwama hapo hapo. Mwambie basi mtu afanye nini, maana nimeona fundi mitambo ananinyooshea vidole viwili.

BARAKA: Dakika mbili? Dada, hatujagusa hata jambo la kwanza!

REHEMA: Matano yote yaache, minoksidili ile dawa ya kuotesha nywele na upara wa akina baba tutakuja nayo. Sema shampuu.

BARAKA: Shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, famasi ipo. Ipitishe kwenye njia, kwenye ngozi siyo kwenye nywele, iache dakika tatu mpaka tano ndo uoshe, wengi wanaosha hapo hapo haifanyi kazi. Mara mbili kwa wiki, wiki mbili mpaka nne, halafu kondishena kwenye nywele maana inakausha. Ukimaliza usiache ghafla, rudia hata mara moja kila wiki moja au mbili, huu ugonjwa unarudi.

REHEMA: Na mtu anayesikia utosi unaunguza, nywele zinapungua katikati na ngozi inang'aa, hiyo si mba, inaweza kuwa inaweka kovu, asisubiri, aende kwa daktari wa ngozi. Walio kaskazini pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi.

BARAKA: Na mtoto mwenye mabaka ya mapunye, shampuu peke yake haimponyi, anahitaji dawa ya kumeza, na usimpake krimu za steroidi za kununua hovyo.

REHEMA: Na mama wa kijiko atume picha ya hicho ki—

BARAKA: Imekata?