Nani Alimzuia Msomaji wa Blogu Njiani?

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie kufifia kwa blogu binafsi, na najua wengi mmekuja na jibu lenu tayari: siku hizi watu ni wavivu wa kusoma. Mimi silikubali. Hao hao tunaowaita wavivu hukesha na simu wakifuatilia mabishano yasiyoisha, na wengine husubiri usiku kucha sehemu ya kumi na mbili ya kisa kinachoandikwa Facebook, "itaendelea kesho". Hamu ya kuandika ipo, na ya kusoma ipo. Swali langu ni jinsi msomaji anavyofika kwa mwandishi.

Blogger, huduma ya kutengenezea blogu, ilianza mwaka 1999, Google ikainunua mwaka 2003, na mwaka huo huo WordPress, programu ya kazi hiyo hiyo, ikatoka. Kabla ya hapo, mwenye kutaka tovuti mara nyingi alipaswa kujua HTML, lugha ya kuundia kurasa za mtandao, atafute seva, apandishe mafaili mwenyewe. Sasa ikawa unajaza fomu, unachagua rangi, unaandika. Wengi walichagua rangi za kuumiza macho, maandishi ya njano juu ya weusi, lakini ukurasa ulikuwa wao.

Ukurasa peke yake hauleti mtu, hata hivyo. Wasomaji waliletwa kwanza na ile orodha ya pembeni, ambamo kila mwanablogu aliweka viungo vya wenzake anaowasoma. Ukimaliza kwa mmoja unahamia kwa mwingine. Pili kulikuwa na RSS, na hapa naomba tutulie kidogo.

RSS ni faili la maandishi tu. Ukilifungua utakuta kichwa cha makala, tarehe, kiungo na maelezo mafupi; chini yake makala iliyotangulia, vivyo hivyo. Blogu hulisasisha yenyewe kila unapochapisha. Msomaji ana programu yake, ambayo hupita kwenye mafaili ya blogu zote alizojiandikisha na kumwekea mapya. Katikati yao hakuna anayeamua nani asomwe. Mwandishi aliyenyamaza miezi minane akiandika leo, makala yake inakufikia leo, sawa na ya yule anayeandika kila siku.

Programu maarufu ya kazi hiyo ilikuwa Google Reader, iliyoanza mwaka 2005. Machi 2013 Google ikatangaza kwamba watumiaji wamepungua, na tarehe 1 Julai ikaifunga. Programu nyingine zilikuwepo, na RSS yenyewe haikuguswa. Lakini kuhama ni usumbufu, na watu walikuwa tayari na akaunti za Facebook na Twitter; wakaona maandishi mapya yatawafikia huko.

Yaliwafikia kweli, kwa muda. Mwanablogu aliandika kwake, akabandika kiungo kwenye mtandao wa kijamii, wasomaji wakaja. Halafu machapisho yakaacha kupangwa kwa kufuata muda yalipotoka. Facebook ilishaanza kuyapanga kwa kukadiria kipi kitakushika. Mwaka 2016 Twitter na Instagram nazo zikaingia njia hiyo. Kwa kampuni inayoishi kwa matangazo, kiungo kinachomtoa mtu nje ya programu ni hasara, hata makala iwe nzuri namna gani. Tazameni Instagram: andika anwani ya makala chini ya picha, itakaa pale kama maandishi makavu, haibofyeki. Ndipo tukaanza kusoma "kiungo kiko kwenye wasifu" kila mahali.

Mwandishi naye si mjinga. Akimwaga makala yote humo humo, wanamiminika. Akiweka kiungo, wanaitikia wachache. Mwanzoni anaandika huku na kule. Baadaye blogu inapata chapisho moja tu, "samahanini nimekuwa kimya, nitarudi kwa kishindo". Ukiikuta blogu iliyokufa, mara nyingi hilo ndilo la juu kabisa.

Sitaki kuzipamba blogu. Maoni yake yalijaa matangazo ya dawa na kamari, na kuyafuta ilikuwa kazi ya kila asubuhi. Mitandao ilituondolea mzigo huo, tuikubali. Wala blogu haikuwa salama kwa kuwa ni blogu. Posterous, huduma nyingine ya blogu, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, ikafungwa mwaka uliofuata, na asiyewahi kuhamisha maandishi yake akayakosa. Ila kwenye blogu unaweza kufungua mwaka, kisha mwezi, ukaikuta makala ilipoachwa. Jaribuni kulitafuta chapisho mlilolipenda Facebook miaka sita iliyopita.

Wapo wanaosema blogu zimerudi kwa sura ya majarida ya barua pepe, hasa tangu Substack, huduma ya kutuma majarida hayo, ianze mwaka 2017. Mimi nasema zimerudi nusu. Orodha ya anwani za wasomaji unaweza kuichukua ukaondoka nayo, na hilo si dogo. Lakini barua inayoingia kwenye sanduku la mtu inamdai mwandishi ratiba, na blogu haikumdai mtu ratiba.

RSS, kwa taarifa yenu, haijaenda popote. Podikasti nyingi mnazosikiliza husambazwa kwayo, na WordPress bado hutengeneza faili hilo bila kuombwa. Kwenye blogu nyingi za WordPress, ukiongeza /feed mwishoni mwa anwani utaliona. Toeni simu mjaribu, kisha tuingie kwenye maswali.