Bendera Zisizosomwa: Msimbo wa Mashine Ndani ya Emyuleta

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja.

Emyuleta ni programu inayoifanya kompyuta moja ijifanye nyingine. Una laptopu yenye prosesa ya ARM, na programu unayoitaka iliandikwa kwa ajili ya prosesa ya aina nyingine, x86. Prosesa inayoigwa tunaiita mgeni, ile ya kweli iliyomo kwenye mashine yako ndiyo mwenyeji. Njia nyepesi ni kusoma agizo moja la mgeni, kulitambua, kulitekeleza, kisha kwenda kwa linalofuata. Kazi inafanyika, lakini kitanzi kikizunguka mara milioni, agizo lile lile linatambuliwa upya mara milioni.

Fabrice Bellard, Mfaransa aliyeanzisha emyuleta ya QEMU mwaka 2003, alipita njia nyingine. Chukua kipande cha maagizo mpaka penye agizo la kuruka kwenda kwingine, kitafsiri chote kiwe msimbo wa mwenyeji, kiweke akiba, na kikihitajika tena kiendeshe moja kwa moja. Mwanzoni kila operesheni ndogo iliandikwa kwa lugha ya C na kugeuzwa mapema kuwa msimbo wa mashine na kompaila ya GCC. QEMU ilinakili baiti zake na kuziunga. Ulikuwa ujanja mkubwa, ila uliegemea sura ya msimbo unaotoka GCC, na GCC 4 ilipokuja na sura nyingine, taabu ikaanza. Toleo la 0.10 la mwaka 2009 likaja na TCG, kompaila iliyomo ndani ya QEMU, ambayo inatunga msimbo yenyewe.

Swali langu la leo ni moja: kompaila kama hiyo inatunga msimbo gani usio na mtu wa kuutumia? Tazameni kipande hiki.

add eax, ebx
sub ecx, 1
jnz mwanzo

Maagizo matatu tu: jumlisha ebx kwenye eax, toa 1 kwenye ecx, na jibu lisipokuwa sifuri, ruka kwenda mwanzo. Eax, ebx na ecx ni rejista, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa. ARM nayo inajumlisha kwa agizo moja. Lakini add ya x86 haikupi jibu peke yake, inapandisha au kushusha bendera sita, yaani biti za prosesa zinazoeleza jibu limekuwaje: ya sifuri, ya alama, ya kubeba, ya kufurika, ya usawa wa biti katika baiti ya chini, na ile ya kubeba kutoka biti ya 3 kwenda ya 4. ARM inazo nne tu. Mbili za mwisho hazimo, lazima uzikokotoe mwenyewe. Ukitafsiri neno kwa neno, jumlisho moja linaweza kukuzalia maagizo kumi na kuzidi.

Sasa fuateni macho yangu mstari wa pili. Sub inaandika bendera zote sita upya. Zile za add zimefutwa kabla hata moja haijasomwa! Kwa hiyo kompaila nzuri inakipitia kipande kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ikiuliza kila bendera: nani anakusoma? Bendera za add hazina msomaji, hatuziandikii chochote. Jnz inauliza sifuri tu, na subs ya ARM inaitoa bure.

Zinabaki tano za sub, ambazo huenda kipande kinachofuata kitazitaka. Hizi tunazikopa. Tunaandika daftarini, yaani mahali maalumu kwenye kumbukumbu, aina ya hesabu, jibu, na namba moja iliyoingia. Nyingine inapatikana kutokana na hizo. Akija mwenye kudai, ndipo tunakokotoa. Mara nyingi haji. Hapo muwe macho na bendera ya kubeba: katika kutoa, ARM inaiweka kinyume cha x86.

Kuhusu rejista nitasema kwa ufupi. TCG huzirudisha rejista za mgeni kwenye kumbukumbu mwishoni mwa kipande, kwa kuwa inahudumia wageni wengi na wenyeji wengi. Ukiwa na jozi moja tu, x86 ya biti 64 yenye rejista 16 juu ya ARM yenye 31, mimi naona kila rejista ya mgeni ipewe yake ya kudumu, basi.

Lakini nawasihi msifute bendera kwa pupa. Niliwahi kukesha siku tatu nikitafuta hitilafu iliyotokea mara moja moja, saa kadhaa baada ya kuwasha mfumo wa mgeni. Kati ya add na sub palikuwa na agizo linalosoma kumbukumbu. Kwa kawaida linapita salama. Siku ukurasa wa kumbukumbu unaosomwa haupo, mgeni anakatizwa katikati, na mfumo wake unahifadhi bendera kama zilivyo wakati ule, yaani zile za add nilizodhani hazina msomaji. Akirudi, anarudi na bendera za uongo.

Tangu siku hiyo, kompaila yangu inalihesabu kila agizo la kumbukumbu kuwa msomaji wa bendera zote sita, na kabla yake inaandika deni daftarini. Gharama yake ni maagizo mawili ya kuhifadhi. Nawasha skrini sasa, tuyatazame yakitoka.