Baba mdogo hana kisanduku: nilivyosumbuka na vyeti vya kifo hapa Texas

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo. Niko ndani ya gari, kwenye maegesho ya jengo la kaunti. Mngurumo mnaousikia ni AC, siwezi kuizima, nje kunaunguza. Na hii bahasha ya kaki mnayoiona ndiyo imenitesa wiki tatu.

Mnaonifuatilia mnajua tulipata msiba. Baba mdogo alifia huku, mwili tukausafirisha, mkazika. Asanteni kwa yote. Lakini baada ya matanga maswali yakahamia kwenye grupu la ukoo: vyeti viko wapi? Shangazi anauliza, wazee wa kikao cha ukoo wanauliza, mahakamani wanasubiri ili mirathi ifunguliwe. Mmoja akaandika, namnukuu, "karatasi tu wiki tatu, na huko si ndiyo Ulaya?" Mwingine akagusia michango. Hiyo iliniuma, sitaficha. Kwa hiyo leo nasimulia mwanzo mpaka mwisho, mjue zile wiki zilikwenda wapi.

Huku familia haiendi serikalini kuandikisha kifo. Anayefanya kazi hiyo ni nyumba ya mazishi, wale wanaochukua mwili hospitali. Wanaingiza taarifa kwenye mfumo wa jimbo, halafu daktari anaingia kwenye mfumo huohuo kujaza chanzo cha kifo na kuthibitisha. Sheria ya Texas inataka yote yawe yamewasilishwa ndani ya siku 10. Daktari akichelewa, kila kitu kinasimama, na hakuna wa kumpigia meza. Na kifo kikiwa cha ajali au cha ghafla kisichoeleweka, kinakwenda kwa wachunguzi wa vifo. Hapo cheti kinaweza kutoka chanzo kikiwa kimeandikwa "kinachunguzwa". Kuzika unazika, ila kampuni ya bima inaweza kukwambia usubiri kwanza.

Sasa, taarifa nyingine zote zinatoka kwa familia, na hapa ndipo nilipoanza kutoka jasho. Nimekaa na mama mmoja wa nyumba ya mazishi, mpole kweli, ana fomu. Jina kamili la marehemu. Tarehe ya kuzaliwa. Mahali. Kazi yake. Elimu yake. Jina la baba yake. Jina la mama yake, lile la kabla ya kuolewa.

Nikaganda. Bibi yetu maisha yake yote ameitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wajukuu tunamwita Bibi. Wakwe wanamwita Mama. Nani anajua kabla ya kuolewa aliitwa nani? Nikapiga simu nyumbani, na huko kwenu ilikuwa saa saba usiku. Nashukuru shangazi anapokea simu hata akiwa usingizini. Akanitajia. Nikamwomba aniandikie, akaniandikia herufi moja tofauti na alivyotamka. Tukalumbana kuhusu R na L saa saba ya usiku, mtu kafa.

Na jina la marehemu mwenyewe usilitoe kichwani. Shika pasipoti, soma herufi kwa herufi. Sisi tuna watu wana majina matatu kwenye pasipoti, mawili kwenye kadi ya benki, na lingine kabisa kwenye hati ya kiwanja. Cheti kikishasajiliwa, kurekebisha herufi moja ni maombi mengine na ushahidi mwingine na malipo mengine.

Yule mama akauliza, "Mnataka nakala ngapi zilizothibitishwa?" Nikasema mbili. Hesabu yangu ya kibongo: moja ya kuambatana na mwili, moja ya nyumbani, mkihitaji zaidi mtatoa kopi. Jamani. Hilo ndilo kosa lililonileta kwenye maegesho haya.

Ngoja niwaonyeshe. Hii ndiyo nakala iliyothibitishwa. Tazameni karatasi, ina rangi na michoro myembamba kama noti. Hapa chini kuna muhuri wa kubonyeza, hauna wino. Kwenye kamera hauonekani vizuri, lakini nikipitisha kidole gumba hivi, nausikia, umeinuka kama kovu. Benki wanafanya hivihivi, wanapapasa. Karatasi za aina hii nyingi ukizipiga fotokopi linajitokeza neno la Kiingereza la kwamba ni batili, limetapakaa ukurasa mzima. Kwa hiyo wale mlioniambia "tutumie picha WhatsApp tuprinti", nawapenda, lakini hapana.

Nakala ya kwanza ikaondoka na nyaraka za mwili. Ya pili ikamezwa na benki yake ya huku. Bado bima ya kazini kwake, bado gari lake lina jina lake, bado nyinyi na mirathi. Kuna ofisi zinazoangalia na kukurudishia, na kuna zinazokaa nayo moja kwa moja. Uliza kabla hujaiachia. Mimi sikuuliza.

Kwa hiyo nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kaunti. Kaunti muichukulie kama wilaya, ila Texas ziko 254. Nikaenda kaunti aliyokuwa akiishi baba mdogo. Foleni, namba, saa nzima na dakika zake. Nafika dirishani, karani anatafuta, hayupo. Anatafuta tena kwa tarehe ya kuzaliwa, hayupo. Akaniuliza, "Alifia wapi?" Nikamtajia hospitali. Akatabasamu kwa huruma, akasema hiyo iko kaunti ya pili.

Hili lishikeni: kwenye ofisi za kaunti, kifo kinafuata mahali mtu alipokata roho. Alikokuwa anaishi hakuhusiki. Hospitali iko dakika ishirini tu kwa gari kutoka kwake, barabara moja, wala huoni mpaka, lakini ni kaunti nyingine. Jiji la Dallas peke yake limeingia kwenye kaunti tano. Na kuna miji yenye msajili wake, ambapo huendi kaunti, unakwenda kwa mji. Ukiona hujui, ipo ofisi ya jimbo kule Austin yenye kumbukumbu za Texas nzima, ila kwa posta utaisubiri.

Siku nyingine, ruhusa nyingine, kaunti sahihi. Nimejaza fomu, ninayo leseni yangu ya udereva, ninazo hela. Nafika kwenye mstari unaouliza: uhusiano wako na marehemu. Visanduku viko pale: mke au mume, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, babu au bibi, mwakilishi wa kisheria. Nikashika kalamu nikawaza. Huyu ni baba mdogo. Kwa mila zetu ni baba. Amenilipia ada ya sekondari, amenipokea uwanja wa ndege siku ya kwanza nikiwa na koti la kuazima. Mkono ukaenda wenyewe kwenye "mtoto".

Halafu macho yakashuka kwenye onyo, limeandikwa kwa herufi nene. Kutoa taarifa ya uongo kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, kifungo cha miaka 2 hadi 10 na faini isiyozidi dola 10,000. Nikarudisha mkono.

Nikamweleza karani ukweli. Akasikiliza vizuri tu, hakuniletea dharau. Akasema, kwa sheria yao mimi ni mtoto wa kaka yake marehemu, na huyo hayumo. Texas kumbukumbu ya kifo ni siri kwa miaka 25, wanapewa ndugu wa karibu waliotajwa na mwenye sababu ya kisheria anayoweza kuithibitisha. Nimeambiwa California mambo ni tofauti kidogo, mtu yeyote anaweza kuomba, ila asiyehusika anapewa nakala yenye maandishi kwamba ni ya taarifa tu. Hapa unarudi nyumbani.

Nilikasirika, lakini nilipofika kwenye gari nikatulia. Kuna watu huku wanaishi kwa kuiba majina ya marehemu na kuyakopea. Fikirieni cheti hicho, kina jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, na jina la mama. Mimi na masikitiko yangu tuna tofauti gani na tapeli mwenye masikitiko?

Anayeruhusiwa ni binti yake, mdogo wangu, yuko chuo mji mwingine, safari ya saa nne, na ilikuwa wiki ya mitihani. Angeweza kuomba kwa posta, lakini hapo fomu lazima isainiwe mbele ya notari, huyo ni mtu mwenye leseni ya kushuhudia sahihi, mabenki mengi wanaye. Tukaona posta itatula siku nyingi zaidi. Tukasubiri amalize mtihani, akapanda basi usiku, leo asubuhi tumeingia pamoja. Yeye akatia tiki kisanduku cha "mtoto", akatoa kitambulisho, akaulizwa maswali mawili. Dakika kumi na tano! Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki namtazama, binti wa miaka kumi na tisa anasaini kupokea vyeti vya baba yake. Akarudi amevikumbatia. Hatukuongea mpaka kwenye gari. Sasa hivi amekwenda kununua maji, ndiyo maana nimewasha kamera.

Bei, maana najua mtauliza. Jimbo wanatoza dola 20 nakala ya kwanza, na dola 3 kila ya ziada mkiagiza pamoja. Hapa kaunti tumelipa 21 na 4. Tumechukua tano, dola 37. Mkirudi siku nyingine mnaanza tena na ile 21. Kwa hiyo siku ya kwanza, mkiwa bado mmekaa na nyumba ya mazishi, semeni nane, semeni kumi. Za ziada zitakaa kwenye droo, hazina njaa. Mimi nimepoteza dola chache, lakini siku mbili za kazi bila malipo ndizo zimeniuma zaidi.

Kuna ndugu ameniuliza pia kuhusu ile hela ya serikali ya Marekani kwa mfiwa. Ipo, ni dola 255, anapewa mke, mume, au mtoto anayekidhi masharti. Nimesema 255. Msije mkaanza kugawana kiwanja kwa hiyo.

Basi. Kuna mama wa kanisani anasafiri Alhamisi, anabeba nakala mbili, zipo kwenye plastiki ndani ya kitabu kigumu zisikunjike. Shangazi, zikifika, usizitoboe kwa pini. Na nakuomba sana, najua unavyopenda vyeti ving'ae, usizipeleke steshenari zikapigwe lamineti, muhuri utafunikwa na hakuna atakayeupapasa tena. Huyu anakuja na maji. Nazima.