Kujithamini na hatari ya sonona kurudi baada ya tiba

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Nataka tuzungumzie miezi inayofuata baada ya mtu kumaliza tiba ya sonona. Usingizi umerudi, anakula vizuri, yuko kazini, ndugu wanamshukuru Mungu. Hapo ndipo uangalizi hulegea, na hapo ndipo wengi huanguka tena.

Makadirio yanayotumika sana katika taaluma hii ni kwamba aliyeugua sonona mara moja ana uwezekano wa asilimia 50 hivi kuugua tena maishani. Akiugua mara mbili, unakaribia asilimia 70. Baada ya mara tatu, asilimia 90. Makadirio haya yametoka zaidi kwa wagonjwa waliofika kliniki, kwa hiyo wenye hali nyepesi wasiyachukue kama hukumu. Mbali na idadi ya vipindi vya ugonjwa, kinachobashiri sana ni mabaki ya dalili: mtu ameruhusiwa, lakini usingizi bado unakatika, au bado anajiona mzigo kwa wenzake. Huyo hajamaliza tiba, hata kama vikao vimekwisha.

Sasa kujithamini. Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la Morris Rosenberg la mwaka 1965, lenye kauli 10. Ni kipimo kizuri, lakini mtu akilijaza siku ambayo moyo umetulia, alama zake hupanda pamoja na moyo wake. Swali la maana zaidi, kwa maoni yangu, ni hili: siku mbaya ikija, thamani anayojipa inashuka mpaka wapi, na inachukua muda gani kurudi? Mtafiti Zindel Segal na wenzake walilichunguza jambo hili kwa waliokwisha kupona. Waliwatia huzuni ya muda mfupi kwa muziki na kumbukumbu za kusikitisha, kisha wakapima mawazo yao. Wale ambao huzuni hiyo ndogo iliwaamshia mawazo ya zamani ya kujishusha ndio walioelekea zaidi kuugua tena.

Tuitazame kwa karibu. Mtu amerudishiwa ripoti kwa sababu ina makosa. Wazo la kwanza ni la kweli: "Nimekosea." La pili limeshavuka mpaka: "Mimi hukosea kila siku." La tatu ni hukumu: "Sifai." Hayo yote ni ya dakika chache. Jioni hapokei simu, anaahirisha matembezi, analala mapema. Siku ya tatu kazi zimerundikana na marafiki wamenyamaza, naye anauona huo kuwa ushahidi kwamba kweli hafai. Kujitenga ndiko kumeutengeneza ushahidi wenyewe.

Pa kukatia ni kati ya wazo la kwanza na la pili. Aandike kwenye karatasi mawazo yote matatu kama yalivyokuja. Kisha aandike sentensi moja yenye mipaka: "Nimekosea hesabu mbili ukurasa wa tatu, nitazirekebisha kesho asubuhi." Halafu afanye tendo moja siku hiyohiyo, hasa lile alilotaka kulikwepa, hata kwa dakika 10. Asijaribu kujisifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Joanne Wood na wenzake ulionyesha kuwa watu wenye kujithamini kwa chini, walipojirudia kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya zaidi. Huenda ni kwa sababu sifa usiyoiamini huamsha pingamizi lake lenyewe moyoni.

Jambo jingine la kushughulikia kabla ya kikao cha mwisho ni chanzo cha hiyo thamani. Anayejithamini kwa kazi peke yake, au kwa sifa za mtu mmoja, anaishi kwenye nyumba ya nguzo moja.

Mpango wa kujikinga uandikwe mapema, ukurasa mmoja unatosha. Uwe na dalili zake tatu za mwanzo, kwa maneno yanayoonekana. "Kujisikia vibaya" haisaidii kitu. "Naamka saa kumi alfajiri na usingizi haurudi" inasaidia. Nashauri dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu dalili za sonona, lijazwe kila wiki mbili kwa miezi 6. Alama ni kuanzia 0 hadi 27. Zikifika 10, au zikiruka kwa 5, ampigie mtaalamu wake. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo "hapana kabisa" halisubiri jumla ya alama. Aongee na mtaalamu siku hiyohiyo. Vikao navyo visikatwe ghafla: baada ya wiki mbili, kisha mwezi, kisha miezi mitatu.

Kwa aliyeugua mara tatu au zaidi, kuna mafunzo ya wiki 8 ya tiba ya utambuzi yanayotumia uzingativu (mindfulness), yaani kuyatazama mawazo yanavyokuja bila kuyahukumu. Katika utafiti wa John Teasdale na wenzake wa mwaka 2000, waliopata mafunzo hayo walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 37, dhidi ya asilimia 66 kwa waliopata huduma ya kawaida tu. Waliougua mara mbili tu hawakupata faida hiyo.

Dawa, kama zilitumika, kwa kawaida huendelea angalau miezi 6 baada ya nafuu kamili. Waliougua mara nyingi huweza kushauriwa miaka miwili au zaidi. Zipunguzwe polepole chini ya daktari. Kizunguzungu na hasira zinazoanza siku chache baada ya kupunguza dozi mara nyingi ni athari za kuacha dawa. Sonona yenyewe kwa kawaida hurudi taratibu, kwa wiki kadhaa. Wengi huchanganya haya mawili.

Na nakala ya ule ukurasa apewe mtu mmoja anayeishi naye. Huyo asimwambie "jikaze". Aseme alichokiona: "Naona usiku wa nne huu hulali, na ulisema tukifika hapa tumpigie mtaalamu. Tupige sasa, nitakaa hapa nawe."