Mkulumuzi wa Kiangazi, Mkulumuzi wa Masika

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, vijana mliojaa huko nyuma, habari za jioni. Asanteni kwa kunipa nafasi.

Nina ombi moja tu. Sisi watu wa Tanga tukipata mgeni tunampakia kwenye bajaji, tunampeleka Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini. Anaingia pangoni, anapiga picha, anarudi mjini kula samaki. Baada ya hapo tunajiona Amboni tunaijua. Ombi langu ni kwamba twende pia kwa ajili ya mto, Mkulumuzi, ule unaopita chini ya yale majabali, na tusiende mara moja. Twende kiangazi, twende masika, twende kipupwe na vuli.

Tuanze na kiangazi, Januari na Februari, kaskazi ikivuma. Wengi husema wakati huo hakuna cha kutazama: maji yamepungua, mawe yako nje. Mimi ndio msimu ninaowapeleka wanafunzi kwanza. Nawaambia simameni ukingoni, halafu inueni macho. Juu ya vichwa vyenu, kwenye matawi ya miti, mtaona nyasi kavu zilizojiviringa, nyuzi za mkonge, kipande cha kandambili, mfuko wa plastiki uliochanika. Hakuna mtu aliyepanda kuvitundika. Vimeachwa na maji. Ndipo mto ulipofika masika yaliyopita, na kijana aliyesimama pale kwenye mchanga mkavu anaelewa kwa macho yake kwa nini ukingo wa mto haujengwi nyumba. Nimeeleza jambo hilo darasani kwa ubao na chaki kwa muda mrefu, halikuingia kama linavyoingia pale.

Masika sasa, Machi mpaka Mei. Nendeni mkaangalie rangi ya maji. Yanashuka mekundu, mazito, na wekundu ule ni udongo wa shamba la mtu. Jirani yake Mkulumuzi, mto Zigi, una habari hiyohiyo, na huo ndio tunaounywa. Zigi unatoka Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani iliyofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji yanaletwa kwenye mabomba yetu. Udongo unaoteremka nao unatua bwawani na kula nafasi ya maji. Ndiyo maana nawaheshimu sana wakulima wa kule juu waliojiunga katika umoja wao wa UWAMAKIZI kuhifadhi mazingira ya mito ya Kihuhwi na Zigi. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji fedha za miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kuboresha huduma. Fedha nyingi hizo, na ni jambo jema. Lakini mtu anayenunua hatifungani ya maji bila kuwahi kuuona mto ukiwa mwekundu, naona bado hajajua amenunua nini.

Mvua hiyohiyo ndiyo iliyochimba mapango. Ikipita hewani na kwenye udongo wenye majani yaliyooza huchukua hewa ya ukaa, ikawa na ukali kidogo. Ukali huo unayeyusha jiwe la chokaa, tone kwa tone, kwa muda ambao akili zetu haziufikii. Jiwe lenyewe ni la zama za Jurasi. Ingieni pangoni wakati wa mvua mtazame juu: kwenye ncha ya chokaa inayoning'inia kuna tone limeshikilia. Likidondoka linaacha chembe ya chokaa. Kazi inaendelea mbele ya macho yenu.

Kipupwe ni kizuri kwa kutembea, hasa kwa wazee, na sina mengi ya kusema zaidi ya hapo. Vuli ni wakati wa mbayuwayu wanaorudi kutoka Ulaya, na mibuyu huanza kutoa majani na maua.

Na kuna ua ambalo dunia nzima inalijua kuliko sisi wenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1890 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau likiota kwenye nyufa za miamba ya chokaa, si mbali na mji huu. Akalipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Linaishi kwa kivuli na unyevu wa mwamba. Ukikata miti ya ukingoni, jua linaingia na ufa unakauka. Inauma kwamba mtoto wa Chumbageni, hapa hapa mjini, hajawahi kusikia habari zake.

Watakaokuja nasi kwenye safari ya Mkulumuzi masika yakianza, vaeni viatu vinavyoshika, maana njia ya kuteremkia mtoni inateleza. Mvua ikiwa kubwa huko juu tutaahirisha. Mto huo unajaa haraka. Pangoni kuna mahali pa matambiko: mkikuta vitambaa au marashi, msiguse wala msipige picha bila kumuuliza mwongozaji. Wenye watoto wadogo wasubiri safari ya Juni.

Karibuni maswali, tuanze na mama pale mbele.