Kula kwa Kushoto: Likizo ya Juni na Watoto wa Besiboli

Mtani: Tumeshaanza? Haya. Karibuni kipindini, tuko Tabora mjini, Cheyo, asubuhi baridi kweli na vumbi limeshaanza. Mimi ni yule mama Mzaramo aliyeolewa Unyamwezini, binti yangu anacheza softiboli. Na huyu ni mtani wangu, mwalimu wa michezo, Mnyamwezi asiyebeba mzigo.

Mwalimu: Umeanza! Babu zangu walibeba pembe mpaka pwani, wakawakuta babu zako wamekaa kivulini wanawauzia maji. Shikamoo zenu wasikilizaji, kwa wakubwa.

Mtani: Shule zinafunga. Watoto wanatawanyika, huyu Urambo kwa bibi, yule Sikonge, wengine wanapanda treni mpaka Kigoma. Na kila mzazi ananiuliza swali moja: mtoto apewe mazoezi gani ya kufanya likizo?

Mwalimu: Mwaka jana ningekujibu haraka. Mwaka huu nina aibu kidogo.

Mtani: Sema hiyo aibu.

Mwalimu: Nina mrushaji mmoja, yule anayemrushia mpigaji mpira, ana miaka 12, mkono wake unanifurahisha kupita kiasi. Alipoondoka Juni nikampa mpira mmoja, nikamwambia, rusha 50 kila siku ukutani usije ukasahau. Mimi nikarudi zangu nyumbani, nimeridhika. Mtoto mtiifu bwana! Akafika kwa bibi yake, akachora mraba wa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, ukuta wa tofali za udongo, akaanza. Kila siku anachora vijistari pembeni, vitano vitano, ajue amefika wapi. Bibi anagomba ukuta unamomonyoka, yeye anarusha.

Mtani: Na siku za Jumapili?

Mwalimu: Jumapili pia. Sikumwambia apumzike, atapumzikaje? Wiki ya tatu wamekaa kula ugali, bibi anamwona anakula kwa kushoto. Akamkaripia: adabu gani hii, mjini mmefundishwa hivyo? Mtoto akabadilisha mkono, akamega tonge, likaishia njiani. Kiwiko hakikunjiki. Bibi ndiye aliyenipigia simu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ulimtuma shamba gani huyu?"

Mtani: Mmh. Hilo swali limeingia.

Mwalimu: Limeingia likakaa. Alipumzika wiki sita, tukampeleka kwa daktari, mkono ukarudi. Tulipona hivihivi. Mtoto wa umri ule, kwenye kiwiko mfupa bado unakua, kuna sehemu ni gegedu laini, na kila mrusho unaivuta. Kwa mtu mzima inavutika kamba inayounganisha mifupa, kwa mtoto panavutika pale mfupa unapokulia.

Mtani: Hiyo kamba ndiyo wanayopasuliwa wachezaji wa Marekani?

Mwalimu: Hiyohiyo. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe, kule Los Angeles, alimfanyia upasuaji huo mrushaji mmoja anaitwa Tommy John. Alichukua kano ya mkono mwingine, akaitia kwenye kiwiko kilichoharibika. Jamaa alirudi uwanjani 1976, akacheza hadi 1989. Sasa balaa likaanzia hapo, maana wazazi waliona, aa, kumbe mkono unatengenezwa! Watoto wa sekondari wakaanza kujaa kwenye vyumba vya upasuaji.

Mtani: Sasa hapa Tabora huyo fundi wa kushona kiwiko yuko wapi?

Mwalimu: Ndiyo maana sisi inabidi tuwe waangalifu kuliko wao. Wenzetu kiangazi chao ndicho msimu wenyewe. Shule zikifungwa mechi zinashika kasi, wikiendi moja mtoto anacheza nne, tano. Tatizo lao ni kupata mapumziko katikati ya mechi. Sisi kiangazi chetu kina likizo ndani yake, mapumziko tumeletewa bure, halafu mwalimu kama mimi anayajaza mirusho.

Mtani: Ngoja nikupinge kidogo. Mimi nimekulia Dar. Pale Azania, Upanga, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na sifa ya Wajapani ni kurusha, kurusha, kurusha. Mbona wao wanafika mbali?

Mwalimu: Wanafika, ila hata wao wamepunguza. Mashindano yao ya sekondari, yale ya Koshien, tangu 2020 mrushaji haruhusiwi kuzidisha mirusho 500 kwa wiki. Wametoka kutohesabu kabisa. Na huo ni umri wa miaka 16, 17. Wa kwetu ni wa darasa la sita.

Mtani: Wa darasa la sita anatakiwa kurusha ngapi?

Mwalimu: Ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, na shirikisho lao, USA Baseball, walitoa mwongozo mwaka 2014 unaitwa Pitch Smart. Mtoto wa miaka 11 na 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku ya mechi. Akifika 66, apumzike siku nne. Lakini kilichonishtua mimi ni kingine: kwa mwaka mzima mtoto awe na miezi minne asiyorusha kabisa, na kati ya hiyo miwili au mitatu iwe mfululizo.

Mtani: Minne! Tutaitoa wapi?

Mwalimu: Nilihesabu kwa vidole hapa Tabora, ikatoka yenyewe. Desemba likizo, Januari na Februari mvua, uwanja wetu ni matope tupu. Hiyo mitatu. Juni ukiiacha, minne. Mungu alishapanga ratiba, mimi ndiye niliyeivuruga.

Mtani: Subiri hapohapo. Desemba unasema mkono unapumzika? Tabora? Na maembe yote haya?

Mwalimu: *(anacheka)* Umenikamata.

Mtani: Mimi wanangu Desemba wanarusha mawe kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Jiwe la kwanza limetupwa kabla hata hawajanawa uso. Mpira wako una gramu mia na arobaini na kitu, jiwe la kuangushia embe lina uzito gani? Na binti akitoka kwenye maembe anaingia kwenye rede.

Mwalimu: Rede siigombezi. Ule mpira wa soksi na mifuko ni mwepesi, wanarushiana wanacheka, anayechoka anasema nimechoka anaingia mwingine. Hakuna mwalimu anayesimama na daftari. Mawe ndiyo yananipa shida, kwa sababu mtoto anataka lile embe la juu kabisa, anarusha kwa nguvu zake zote, mwili haujapata moto.

Mtani: Kigoe kipo. Tafuta mti mrefu, funga kigoe, angua maembe kistaarabu.

Mwalimu: Watoto gani hao wa kuangua kistaarabu? Lakini sawa, wenye watoto mmesikia, kigoe.

Mtani: Na softiboli? Maana wazazi wa mabinti wananiambia, ule mrusho wa kuzungusha mkono kwa chini ni wa kawaida, hauumizi, binti anaweza kurusha mechi tatu mfululizo.

Mwalimu: Hadithi. Waliopima walikuta bega la mrushaji wa softiboli linabeba mzigo unaokaribiana na ule wa besiboli. Kwa binti yako natumia daftari lilelile la kuhesabu mirusho. Na mdakaji msimsahau, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, naye anarudisha mpira kila mara, halafu siku ya pili tunamgeuza mrushaji kwa kuwa "ana mkono."

Mtani: Aisee, hiyo tunaifanya.

Mwalimu: Tunaifanya sana. Na jambo baya kuliko yote ni mtoto kurusha akiwa amechoka. Kuna utafiti wa Marekani wa 2006 uliolinganisha vijana waliopasuliwa na wazima. Waliokuwa na mazoea ya kurusha wakiwa wamechoka, hatari ya kupasuliwa ilikuwa mara 36 ya wenzao. Waliorusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka, mara tano. Nikisoma hiyo 36 huwa naona vijistari vya mkaa.

Mtani: Basi Juni hii umewapa nini?

Mwalimu: Nimekusanya mipira yote. Iko kwenye gunia chini ya kitanda changu. Glovu wamebaki nazo, maana ngozi ikikaa bila kuguswa inakauka, wazipake mafuta, wazikunjekunje. Kingine wacheze chochote. Mpira wa miguu, kombolela, kuogelea kwa walioenda Kigoma ila na mtu mzima pembeni. Kukimbia tu kufuata mbuzi kunatosha.

Mtani: Na fimbo ya kupigia?

Mwalimu: Hiyo nayo nimeizuia, kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka juzi kijana mmoja amefika kijijini, anaulizwa mfukoni umebeba nini kirefu hivyo, akajibu, "Gongo la mwalimu." Nusura niitwe kwa mtendaji.

Mtani: *(anacheka)* Na kwako ni Gongoni!

Mwalimu: Na kwangu ni Gongoni! Nani angeniamini? Tangu siku hiyo tunasema fimbo.

Mtani: Wakirudi Julai wanaanzaje? Kuna ujumbe hapa, baba mmoja anataka mwanawe aanze alipoishia.

Mwalimu: Asianze alipoishia. Wiki ya kwanza tunarushiana hatua kumi, polepole, hakuna anayepanda kilimani, kile kichuguu cha mrushaji uwanjani, kurusha. Ya pili tunasogea nyuma. Ya tatu ndiyo mrushaji anarusha kwa mdakaji, kidogo, na daftari liko wazi. Kwa umri huu mrushaji anasimama kama mita 14 tu, hakuna mbali pa kukimbilia. Na huyo baba namwomba kitu kimoja, asimuulize mtoto "unaumwa?" Watajibu hapana wote, wanaogopa kutolewa kikosini. Amwangalie mezani.

Mtani: Anakula kwa mkono gani.

Mwalimu: Eeh. Na akichana nywele, na akifunga vifungo vya shati.

Mtani: Yule mrushaji wako je, Juni hii yuko wapi?

Mwalimu: Kwa bibi yuleyule. Jana nimempigia, bibi akapokea yeye. Nikauliza, mtoto anafanya nini? Akasema, anakandika ukuta.