Basi, Mashua na Behewa: Kubadili Unachojenga

HAMZA: Shikamoo, shangazi.

BI MWANAIDI: Marahaba, baba. Hujambo?

HAMZA: Sijambo. Karibuni wasikilizaji. Tupo Chumbageni, hapa Tanga, meza imejaa vipande vya mbao, na leo shangazi ndiye anayeniburuza. Kwa wasiotujua, mimi kazi yangu ni modeli za mabasi. Miaka yote mabasi. Shangazi ni mtu wa vyombo vya baharini: mashua, ngalawa, jahazi. Sasa tumebadilishana. Yeye kaingia reli, mimi kanipa mashua.

BI MWANAIDI: Nilimwambia Hamza hivi: mabasi yako ni mazuri, lakini la mwaka huu na la mwaka juzi mtu akiyaweka pamoja hajui lipi limetangulia. Mkono umefika mahali umekaa. Ukikaa, hauongezi.

HAMZA: Na mimi nikamjibu kwamba fundi wa kweli anashika kitu kimoja mpaka akimalize.

BI MWANAIDI: Ulinibishia siku nzima.

HAMZA: Bado nina hoja yangu, nitaisema. Lakini kwanza niwaeleze kilichonipata kwenye mashua. Basi ni mistari iliyonyooka. Unakata plastiki kwa rula, unabandika pembe, unaziba nafasi kwa supaglu na bekingi soda, unapiga msasa, unapuliza rangi. Basi la mita 12 kwa skeli ya 1/50, yaani kila kipimo kimegawanywa kwa 50, ni sentimita 24, na karibu zote ni bapa. Mashua haina hata ubao mmoja ulionyooka.

BI MWANAIDI: Haina. Hata ule unaouona umenyooka, ukiutoa na kuulaza mezani utakuta umepinda.

HAMZA: Waeleze ulivyonifundisha kugawa mbao, maana nadhani hapa ndipo wengi wanapokata tamaa.

BI MWANAIDI: Haya. Umeshasimamisha mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, umeweka mataruma, yaani mbavu za chombo, mifupa imesimama. Mtu mgeni anachukua kanda nyembamba za mbao za upana mmoja, anaanza kubandika kuanzia juu. Katikati ya chombo mambo yanakwenda. Akifika omo na tezi, yaani mbele na nyuma, mbao zinapandana, zinakunjamana, kwa sababu tumbo la chombo ni pana na ncha zake ni nyembamba. Mbao idadi ile ile lazima zienee pote. Kwa hiyo zinapunguzwa upana kuelekea ncha.

HAMZA: Na kujua zipunguzwe kiasi gani, unatumia karatasi.

BI MWANAIDI: Ukanda wa karatasi tu. Unaulaza juu ya taruma la katikati, kutoka ukingo wa juu mpaka mkuku, unatia alama. Tuseme umepata milimita 48. Mbao zako ni za milimita 4, ambazo kwa 1/50 ni ubao wa sentimita 20 kwenye chombo chenyewe. Basi upande mmoja unahitaji mbao 12. Sasa peleka karatasi kwenye taruma la karibu na omo. Umepata 36. Gawanya kwa 12, unapata milimita 3. Kila ubao unaanza na 4 katikati na kuishia na 3 mbele. Unafanya hivyo kwa kila taruma, unaunganisha alama kwa penseli, unakata.

HAMZA: Hesabu ya darasa la nne, na hakuna aliyewahi kuniambia.

BI MWANAIDI: Ila kuna mpaka. Ubao usiushushe chini ya nusu ya upana wake. Ukiona hesabu inakuambia ushuke zaidi ya hapo, ujue mbao zimezidi pale mbele. Mbao mbili ziishie njiani, mbele yake uendeleze ubao mmoja. Mafundi wa vyombo vikubwa nao wanafanya hivyo. Nenda ufukweni Sahare maji yakitoka, vyombo vimelala ubavu, utaona kila ubao unavyokwenda. Na utaona mahali palipotiwa kalafati, pamba ya kuziba nafasi za mbao, na deheni, mafuta ya kupakaa chombo, ilipoishia chini ya tumbo. Mwenye kujenga mashua bila kwenda kuziangalia zikiwa nchi kavu anajinyima bure.

HAMZA: Kupinda je?

BI MWANAIDI: Maji ya moto. Loweka ubao mpaka ulegee, uzungushie chupa, ufunge kwa kitambaa, uache ukauke hapo hapo. Usibandike ukiwa mbichi, utasinyaa na kuacha nyufa. Na ukitumia vipande vya mtiki kutoka kwa maseremala, maana huku mtiki wa shamba la Longuza si wa kutafuta sana, futa kwanza kwa spiriti. Mti ule una mafuta, gundi haishiki. Tena chagua kipande chenye nyuzi ndogo. Nyuzi pana zinaharibu skeli. Ubao wa sentimita 20 unaonekana una mifereji ya kupitisha maji.

HAMZA: Sasa hili ndilo nililotaka wasikilizaji walisikie. Nimerudi kwenye basi. Uso wa basi la siku hizi umevimba, kioo cha mbele kimepinda pande mbili. Nilikuwa nachonga kipande kizima na kupiga msasa mpaka vidole vinauma. Safari hii nimesimamisha mataruma ya plastiki, nikapima kwa ukanda wa karatasi, nikabandika vipande vyembamba vinavyopungua kuelekea juu. Umekaa. Ule ufundi wa mashua umo ndani ya basi na hakuna atakayeuona.

BI MWANAIDI: Mimi ninauona.

HAMZA: Shangazi, na wewe upande wako? Maana wewe ulikimbilia chuma.

BI MWANAIDI: Nilitaka behewa la mizigo la reli yetu. Unajua reli hii ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Ni ya mita moja kati ya chuma na chuma. Ukiwa 1/50 ni milimita 20 kamili, hesabu haikusumbui. Ukinunua reli za modeli zilizotengenezwa, nyingi zinafuata vipimo vya Ulaya na njia yao ni pana kuliko yetu. Ukiweka behewa letu juu yake, mwenye macho atajua. Mimi nikalaza mwenyewe.

HAMZA: Na kutu. Tueleze kutu, maana ile picha uliyonitumia nilidhani ni behewa lenyewe.

BI MWANAIDI: Chumvi. Unaanza na rangi za kutu, si moja: kahawia, ya chungwa iliyofifia, na nyeusi kidogo. Zikauke kabisa, uzizibe kwa vanishi. Kisha unalowanisha maji mahali unapotaka rangi ibanduke, unanyunyiza chumvi ya mawe. Iponde ovyo, punje kubwa na ndogo zichanganyike, maana rangi haibanduki kwa ukubwa mmoja. Ikikauka imeshika. Unapuliza rangi ya behewa juu ya yote. Rangi ikikauka, unasugua kwa brashi ngumu, chumvi inadondoka na kutu inachungulia chini yake.

HAMZA: Kuna wanaotumia spirei ya nywele badala ya chumvi.

BI MWANAIDI: Ipo, nayo ni nzuri kwa michubuko midogo. Unapuliza spirei juu ya kutu, halafu rangi ya akriliki, halafu unailowanisha na kuikwangua taratibu. Lakini rangi ya juu lazima iwe ya maji. Ukitumia rangi ya magari, maji hayapiti, utasugua mpaka kesho. Chumvi haijali rangi gani, ndiyo maana naipenda. Ila uiondoe yote, ikibaki inavuta unyevu, na hewa ya hapa kwetu unaijua.

HAMZA: Halafu ufikirie kutu inatokea wapi.

BI MWANAIDI: Hilo ndilo. Maji yanakaa kwenye viungo, chini ya mlango, penye ribiti. Anayenyunyiza chumvi pote sawasawa anapata behewa lenye ndui. Nenda stesheni ukaangalie behewa kuukuu, uone mlango unaposuguana na mwili wake.

HAMZA: Tuje kwenye watu. Mimi mabasi yangu hayana abiria, nakiri nilikuwa nawakwepa.

BI MWANAIDI: Hapa nataka nikae kidogo, niachieni. Sanduku nyingi za sanamu ndogo zinakuja na maelekezo ya kupaka ngozi nyeupe. Kivuli hiki, mwanga huu. Mtu wetu akitaka kupaka mpagazi wa bandarini au askari, anachukua kahawia, anatia nyeusi penye kivuli na nyeupe penye mwanga. Uso unapauka. Nyeupe ikichanganyika na kahawia inatoa rangi ya kijivujivu, na mtu anakuwa kama ametoka kupepeta majivu. Nimeona sanamu zetu nyingi za namna hiyo, na inaniuma, kwa sababu ni sisi wenyewe tunaojipaka.

HAMZA: Sasa unafanyaje?

BI MWANAIDI: Ninaanza na kahawia iliyokolea yenye wekundu. Kivuli ninaongeza bluu nzito, kidogo sana, siongezi nyeusi. Mwanga ninaongeza manjano ya udongo au chungwa iliyofifia: kipaji cha uso, juu ya mashavu, mgongo wa pua, kidevu. Rangi iwe nyepesi, sehemu moja kwa maji sehemu mbili au tatu, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikauke. Mdomo wa chini wekundu kidogo. Viganja vyepesi kuliko mgongo wa mkono, watu husahau. Mwisho, vanishi yenye mng'ao mdogo penye paji, kwa sababu ngozi yetu juani inang'aa, na mtu anayebeba gunia anatoka jasho. Tena watu wa pwani hatuna rangi moja. Ukipanga watu sita gatini na wote umewapaka kutoka kikopo kimoja, hujawaangalia.

HAMZA: Kwa 1/50 uso ni mdogo sana, shangazi.

BI MWANAIDI: Mtu wa mita 1.70 ni milimita 34. Uso ni kama punje ya choroko. Anza na sanamu za 1/35, karibu sentimita 5, mkono ujifunze, kisha ushuke. Nilianza na askari wa jeshi la Wajerumani wa 1914, wale waliopandishwa treni Moshi kuja kupigana na Waingereza hapa Novemba. Kaki, na kofia ya tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki. Na kaki iliyopigwa jua haina rangi moja, begani imefifia, kwapani imekolea.

HAMZA: Na hilo limerudi kwenye mashua zako?

BI MWANAIDI: Kwenye tanga. Zamani nilikuwa nalichovya kwenye chai, basi. Sasa ninalipaka kwa tabaka nyepesi kama uso: pale demani, kamba ya kuvutia tanga, inaposhika pana madoa ya mikono, kwenye foromali, mti unaobeba tanga, pana mistari ya mikunjo. Tena nimeacha kitambaa. Pamba yoyote ni nene mno kwa skeli hiyo. Karatasi nyembamba ya kufungia zawadi, iliyopakwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, inakubali rangi na inakunjika vizuri.

HAMZA: Haya, hoja yangu. Nina wasiwasi na mtu anayerukaruka. Leo ndege, kesho kifaru, keshokutwa nyumba, na rafu imejaa vitu nusunusu. Kila kitu kipya kinataka vifaa vipya, na vifaa ni ghali. Brashi ya hewa na kompresa yake si pesa ya kuokota.

BI MWANAIDI: Hapo tuko pamoja. Mimi sikusema uruke. Modeli moja, ufundi mpya mmoja, na uimalize. Mengine yote uyafanye kwa njia unayoijua. Na ufundi mpya uujaribu kwanza kwenye vijiko vya plastiki, vile vya sherehe. Kijiko kimepinda, kina ndani na nje, rangi inaonyesha tabia yake yote pale. Andika kwa nyuma ulichochanganya. Mimi nina boksi la vijiko, na ninalirudia kuliko kitabu.

HAMZA: Na skeli usibadilishe.

BI MWANAIDI: Kwa sisi tunaojitengenezea wenyewe, ndiyo. Mashua, behewa, basi, lori, watu, vyote 1/50, siku moja vinakaa kwenye gati moja.

HAMZA: Msikilizaji ameuliza: yeye ni mtu wa magari, anaogopa mbao, aanze na chombo gani?

BI MWANAIDI: Tishari, lile boti bapa la kubebea mizigo.

HAMZA: Tishari!

BI MWANAIDI: Bandari yetu kwa miaka mingi meli zilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwenye matishari ndiyo ikaletwa gatini. Siku hizi kina kimeongezwa meli zinafunga, lakini tishari ni sehemu ya Tanga. Kwa mwenye mkono wa basi, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ubavu bapa, sakafu bapa, plastiki ile ile unayoijua. Kigeni ni mbele na nyuma panapoinuka, na kutu. Halafu matairi ya pembeni ya kuzuia kugonga, ambayo mtu wa magari tayari anayajua.

HAMZA: Hilo nalichukua mimi mwenyewe. Ila kamba zake? Kamba nene ya kufungia, tuseme milimita 50.

BI MWANAIDI: Kwa 1/50 ni milimita 1. Sokota mwenyewe kutoka uzi wa pamba, nyuzi tatu. Uzi wa nailoni una mng'ao, uache. Na kabla ya kukata chochote, kata kwanza kijiti cha milimita 34, ukisimamishe mezani. Huyo ndiye mtu wako. Kila ukuta, kila ngazi, kila mlango, msimamishe pembeni uone kama anaweza kupita.

HAMZA: Nimekipata kijiti cha mshikaki hapa. Rula iko wapi?